Namba Ndogo Chini ya Muhuri

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, bila tenga hata moja. Kila Jumamosi ninapotoka nje kupiga mswaki, mama huwa ameshafunga matenga mawili ya mikate kwa kamba ya mpira, na kazi yangu ni kusukuma kwa nyuma hadi barabara kuu. Siku ile matenga yalikuwa yamefunikwa jikoni, na mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kufunika.

"Kimya, oga upesi," aliniambia. "Leo tunavuka mpaka."

Moyo uliruka. Kimya ni jina langu la nyumbani, kwa sababu nikiulizwa jambo mbele za watu ulimi hunata. Lakini asubuhi ile nilitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie. Tunakwenda kununua gari!

Tulilihitaji kweli. Shule kubwa ya ng'ambo ya kilima ilikuwa imekubali kununua mikate ya mama kuanzia muhula ujao, kwa sharti moja: ifike kabla ya mapumziko ya saa nne. Kwa baiskeli haikuwezekana. Mama alipojaribu, aliteleza kwenye kokoto na mikate yote ikalala mtaroni. Akiba yake ya miaka mitatu ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ndani ya pochi, na pochi ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Mjomba alitusubiri kituoni huku akipiga mluzi. Yeye ni mdogo wake mama, kazi yake kinyozi, na mtaani wanamwita Bingwa kwa sababu hakuna jambo asilolijua.

"Dada, toa wasiwasi," alisema basi liliposhika njia. "Upande ule hakuna mchezo. Kila gari linakaguliwa kila mwaka, na likifaulu linapewa cheti. Wewe ukiona cheti, funga macho, lipa."

"Tusingemchukua fundi kweli?"

"Fundi wa nini? Tumlipie nauli, ale chakula chetu cha mchana, halafu atuambie gari ni zuri. Cheti hakili chakula."

Mama alicheka hadi abiria wa mbele wakageuka.

Mpakani tulipanga foleni, tukagongewa mihuri, tukavuka kwa miguu. Yadi ya magari ilikuwa hatua chache tu mbele. Magari yalipangwa mistari mistari, yanang'aa kama masufuria mapya, na dalali mwenye miwani ya jua alitupokea kama ndugu zake waliopotea.

"Karibuni, karibuni! Mama, gari lako linakusubiri tangu jana."

Lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo, mlango wa nyuma unafunguka kwa juu. Mama aliingiza kichwa, akapima kwa mikono.

"Matenga kumi na mawili!" Sauti yake ilipanda. "Kumi na mawili, Bingwa!"

Dalali alitoa karatasi iliyovishwa plastiki. "Na cheti cha ukaguzi hiki hapa. Sisi hatuuzi maneno."

Cheti kilikuwa na muhuri wa bluu na saini yenye mkia mrefu. Maandishi yalikuwa ya lugha ya upande ule, na hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma. Mjomba alikiinua juani, akakitazama mbele na nyuma kama profesa. "Muhuri halisi kabisa," alitangaza. Akanikabidhi mimi, naye akaanza kulizunguka gari akipiga matairi mateke.

Nilikitazama. Maneno yalinishinda, lakini namba ni zilezile kila mahali. Chini ya muhuri kulikuwa na tarehe ya miezi kumi na mmoja iliyopita, na chini ya tarehe namba ndogo: 148,206 km. Nikachungulia ndani ya gari. Mita ya dashibodi ilisoma 61,340. Nikarudia kusoma, labda nimekosea. Hapana. Gari gani hilo linalotembea mwaka mzima huku kilomita zikipungua? Kisha nikaona kanyagio la breki. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja mpaka chuma kinang'aa, kama kisigino cha ndala iliyochoka.

"Mjomba..." nilianza.

"Haa! Kimya kasema!" Mjomba alimgeukia dalali. "Huyu akitoa neno moja, anueni nguo, mvua inakuja."

Wote walicheka, hata mama kidogo. Nikafunga mdomo, masikio yakiwaka moto.

"Pandeni tulijaribu," alisema dalali.

Alishika usukani mwenyewe, akatuteremsha kwenye mteremko ulio nyuma ya yadi. Upepo uliingia madirishani, mama akishika kilemba chake na kucheka kama msichana. Chini ya mteremko kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa maji. Dalali alikanyaga breki. Akakanyaga tena. Mara ya tatu gari likasimama, karibu sana na madumu.

"Breki zake laini," alisema. "Zinataka mguu wa upole."

"Nimezipenda," alijibu mjomba.

Mimi nilikuwa nyuma, nimeng'ang'ania kiti, na sikusema kitu.

Tuliporudi yadi, mama alifungua pochi. Nilimwona akitoa bahasha. Nikaiona na mikono iliyoishika, yenye makovu ya tanuri kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko.

"Mama, usilipe!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata kijana aliyekuwa anaosha magari alizima maji. Nilimwonyesha mama namba ya kwenye cheti, nikamvuta mkono hadi dirishani aone namba ya kwenye mita. Mjomba alikuja huku ameshaanza kucheka. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Ah, mtoto mwerevu!" alisema dalali haraka. "Dashibodi ya zamani iliharibika, tukaweka nyingine. Jambo dogo hilo. Cheti si mnacho? Tena kuna mteja mwingine anakuja saa saba."

Mama alirudisha bahasha ndani ya pochi, akafunga zipu.

"Kaka, mimi sinunui cheti. Nanunua gari. Namtafuta fundi."

"Fundi wangu yupo hapa hapa."

"Namtaka asiyekujua wewe wala mimi."

Tulimpata mbali na yadi ile, kwenye gereji ya mtaa wa tatu, dalali akilileta gari polepole nyuma yetu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ovaroli, bisibisi ameichomeka kwenye nywele kama chanuo. Mama alipomweleza nilichokiona, aliliinua gari kwa jeki, akaliwekea magogo, akalala juu ya kipande cha boksi na kujisukuma chini.

"Nani kapaka lami huku chini juzi?" sauti yake ilitoka. Dalali akaanza kutafuta kitu kwenye simu. "Binti mwenye macho yuko wapi? Njoo uone."

Nililala kando yake, moyo ukinidunda kwa furaha. Sijawahi kulala chini ya gari! Alichokonoa lami kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kwenye chuma kama kwenye biskuti. Vipande vya kutu vikatuangukia. Kisha akanionyesha paipu nyembamba iliyolowa.

"Hii inapeleka mafuta ya breki. Inavuja. Jaza mikate, shuka kilima kimoja, kwisha habari."

"Kwa hiyo cheti ni bandia!" alifoka mjomba.

Fundi alitoka chini ya gari, akafuta mikono na kukisoma, maana yeye lugha zote mbili alizijua. "Si bandia. Ni cha kweli. Kinasema siku ile gari lilifaulu, na miezi kumi na mmoja imepita. Tena hapa chini wameandika: kutu imeanza, ifuatiliwe. Hamkusoma?"

Mjomba aliangalia viatu vyake. "Mimi nilisoma muhuri."

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Na kwenu hawatakitazama hiki. Mtakaguliwa upya, na gari hili halitavuka hata geti lao."

Hatukurudi kwa dalali yule. Fundi alifuatana nasi kwenye yadi nyingine, akayakataa magari mawili, na la tatu akalikagua saa nzima. Lilikuwa la kijani kilichopauka, lina mkwaruzo ubavuni, lakini kilomita zake zilikwenda sawa na karatasi zake zote, na bisibisi haikuzama popote. Lilitaka tairi moja tu. Mjomba alibaki kushughulikia ushuru na karatasi. Jumanne jioni honi ikalia mlangoni kwetu, mtaa mzima ukatoka nje, na mama akaruka akiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Wiki iliyofuata gari lilipelekwa kwenye ukaguzi wa kwetu, likafaulu. Na siku ya kwanza ya muhula, mjomba akiendesha, matenga kumi na mawili yalifika shuleni saa tatu na nusu, mikate ikiwa bado ya moto. Nilitamani kupiga vigelegele.

Tukiwa njiani kurudi, mama aligeuka akanitazama.

"Mwanangu, cheti ni neno la mtu aliyelitazama gari siku moja," alisema. "Kisome chote, kama huwezi tafuta wa kukusomea. Halafu gari lenyewe likaguliwe na fundi asiye na faida ukinunua wala ukiacha, na hapo ndipo utoe fedha. Mimi nilikuwa nakaribia kutoa kwa sababu ya muhuri. Asante kwa kusema."

"Asante, mpwa wangu," alisema mjomba. "Mimi nilikuwa najifanya najua tu."

Wote wawili walinisifu, na sifa zile zilinikwama. Mteremko ulikuwa mbele yetu, na mjomba alianza kupunguza mwendo. Nikashika mgongo wa kiti chake.

"Mjomba, siku ile tunateremka na dalali, mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua kabla hatujapanda. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa mtanicheka tena. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kufa."