Simu Yenye Jina la Mzee

Nyumbani kwa Kisa, kule Bujonde, kazi za asubuhi zilikuwa hazina mjadala. Uwanja unafagiwa, kakao inaanikwa kwenye turubai, ndizi zinamenywa. Kisa alizimaliza zote kabla ya saa tatu. Kisha alinawa mikono, akakaa mezani na kufungua kompyuta. Hapo alikuwa mwanafunzi.

Alikuwa anasomea cheti cha ualimu wa chekechea, masomo ya mbali. Mumewe, Andongwisye, ni dereva wa lori, na kwa mwezi hulala nyumbani siku nne tu. Mwanzoni mwa mwaka alinunua ruta, yaani kile kisanduku kinachorusha intaneti ya waifai ndani ya nyumba. Alikiweka juu ya kabati ili mkewe asisome kwa kuhangaika na bando. Kisanduku kikakaa pale juu kama askofu. Hakuna aliyekiona kikifanya kazi, lakini kila mtu alikiheshimu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao. Kanisani walikuwa wamemwekea Kisa nafasi ya kufundisha chekechea. Wangesubiri cheti chake mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, si zaidi. Na sheria ya mtihani ilikuwa moja: mtandao ukikukatikia katikati, unarudia mwakani.

Jumanne alifanya mtihani wa majaribio. Swali la tano lilifunguka vizuri. La sita likazunguka, likazunguka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho kompyuta ikamtoa nje. Jumatano ikawa vilevile.

Kisa akatazama dirishani. Ng'ambo ya ua alikuwepo jirani yake Diana, aliyeolewa hapo kutoka kwa Wakisi, watu wa ufukweni mwa ziwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu kabisa na ua, simu mkononi, anacheka peke yake. Kila siku alikaa palepale.

"Anacheka kwa intaneti yangu," Kisa akajisemea.

Siku hiyo hakumpelekea Diana sahani ya ndizi, kama ilivyokuwa kawaida yao. Diana alipomsalimia, "Ugonile," Kisa alijibu "Ndaga" huku akiitazama kakao.

Alhamisi alimweleza mama mkwe wake, Atuganile, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja uleule. Atuganile alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba yeye anajua kumtoa nyoka kwenye paa, lakini mtu aliyejificha hewani hajui anatolewaje. Aitwe Mwalimu Lucy.

Mwalimu Lucy ni mwenyeji wa Singida. Anafundisha kompyuta shule ya sekondari na amepanga nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuja mchana. Kisa alidhani atakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku, lakini Mwalimu aliomba karatasi na kalamu.

"Tuandike kwanza vyombo vyenu vyote vinavyotumia waifai," alisema. "Halafu ndiyo tuangalie kama kuna cha ziada."

Wakaandika. Simu ya Kisa. Kompyuta. Televisheni. Simu ya Atuganile. Simu ya Mzee, mume wa Atuganile. Ya Andongwisye haikuandikwa, kwa kuwa ilikuwa safarini pamoja na mwenyewe. Jumla vikawa vitano.

Ndipo Mwalimu akaigeuza ruta na kuwaonyesha kibandiko kilicho chini yake. Kilikuwa na anwani ya namba, na nenosiri la kuingilia ndani ya ruta. Kisa akaiandika anwani ile kwenye kompyuta, pale juu panapoandikwa anwani za tovuti. Ukurasa wa ruta ukafunguka. Mwalimu akamwelekeza sehemu yenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Alisema ruta hazifanani, nyingine zina programu yake ya kwenye simu, ila orodha kama hiyo haikosekani.

Orodha ilikuwa na vifaa sita.

Vinne walivitambua mara moja. Cha tano Mwalimu alikisoma kwa sauti. "Ambilikile. Huyu ni nani?"

Kisa akatazama dari. Atuganile akatazama ndizi alizokuwa akimenya.

Mwalimu hakujua alichokigusa. Kwa mila ya hapo, mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe wake, wala hakai naye pamoja. Siku hizi wengi wameacha. Lakini Kisa alilelewa na bibi yake, na alichofundishwa alikishika. Neno lolote kati yake na Mzee lilipitia kwa Atuganile. Na Atuganile mwenyewe, miaka arobaini ya ndoa, alikuwa akimwita mumewe "huyu mtu".

"Huyo ni mwenye nyumba ile," Atuganile alisema, akaelekeza kwa mdomo.

Mwalimu akatabasamu na kuweka alama. Kikabaki cha sita. Hicho hakikuwa na jina. Kilikuwa na herufi na namba tu, kama lori lililokuja kubeba mchele.

"Huyo ndiye Diana," Kisa alisema. "Mfungie, Mwalimu."

"Umemwona akiingia?"

"Anakaa pale uani kutwa nzima."

"Kukaa uani hata kuku anakaa," alisema Mwalimu. "Sikiliza, Kisa. Jina kwenye orodha hii ni kitu cha kubandikwa. Mwenye simu anaweza kuandika atakalo, na simu nyingine haina jina kabisa. Tukimfungia mtu kabla ya kumjua, tutakuja kumfungia wa humu ndani."

Akawaeleza njia ya kujua. Unazima waifai kwenye chombo kimoja. Unasubiri dakika chache, kwa sababu ruta haikimbilii kusahau. Unaifungua orodha upya na kutazama nani ametoka. Kisha unakwenda kwenye chombo kingine.

Wakazima simu ya Kisa. Ikatoka. Wakazima ya Atuganile. Ikatoka. Televisheni wakaichomoa kabisa, nayo ikatoka. Kompyuta waliiacha, maana ndiyo waliyotumia kuangalia. Vikabaki viwili vya kujulikana: chenye jina la Mzee, na kile cha namba.

Atuganile akavuka uwanja kwenda kumwambia mumewe azime waifai kwenye simu yake. Alirudi akisema huyu mtu amezima, na amenung'unika, maana alikuwa katikati ya taarifa ya habari.

Wakasubiri. Kisa akafungua orodha upya.

Kifaa cha namba kilikuwa kimetoka. Jina la Mzee lilikuwa bado lipo.

Kisa alisoma mara mbili, kimyakimya. Kumbe kile kisicho na jina ndicho kilikuwa simu ya baba mkwe wake. Na yeye alikuwa ameomba kifungiwe.

"Basi huyu mwenye jina ni nani?" aliuliza.

"Hilo ndilo swali," alisema Mwalimu. "Mama, Mzee amewahi kuwa na simu nyingine?"

Atuganile aliweka kisu chini. Alikumbuka. Simu ya zamani ya Mzee ilikuwa imeandikwa jina lake na Andongwisye, ili isipotee. Mwezi wa sita Mzee alinunua mpya, na ile ya zamani akamuuzia Yakobo, kijana anayepima kakao. Yakobo amepanga chumba cha nyuma kwa Diana. Kitanda chake kiko hatua kumi na tano kutoka kwenye ruta.

Miezi yote hiyo jina lilikuwa pale kwenye orodha. Lakini katika nyumba ile nani angelisoma kwa sauti?

Mzee alipoelezwa na mkewe, alikwenda kwa Yakobo mwenyewe. Yakobo hakukana kitu. Alisema alipoinunua aliikuta ina mtandao, akajua ndivyo simu nzuri zilivyo. Bando la wiki lilikuwa linamaliza mwezi. Alikuwa akipakua mieleka tangu anatoka kazini mchana mpaka analala, na Jumapili alimshukuru Mungu. Aliposikia habari ya mtihani, aliitoa waifai ile kwenye simu yake hapohapo mbele ya Mzee, kwa aibu.

Mwalimu Lucy aliwaeleza kwamba simu haisahau nenosiri kwa kuuzwa. Kabla ya kuuza simu, au kuigawa, unahifadhi vitu vyako kwingine. Kisha unaingia kwenye mipangilio na kufuta kila kitu, mpaka iwe kama ilivyotoka dukani. Mzee hakufanya hivyo, naye hakuwa wa kwanza.

"Yakobo ameshatoka," alisema Kisa. "Tumemaliza?"

"Bado. Nenosiri lile limeshatembea. Tubadilishe."

Walibadilisha nenosiri la waifai, halafu na lile la kuingilia ndani ya ruta, kwa sababu la kwenye kibandiko anaweza kulisoma yeyote anayepangusa vumbi. Atuganile alipendekeza waweke jina la mumewe, maana hakuna mtu wa nyumba ile atakayelitamka. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Alisema jina la mtu, namba ya simu na mwaka wa kuzaliwa hukisiwa upesi. Kisa akachagua maneno manne yasiyohusiana, akachanganya na namba. Akayaandika kwenye karatasi mbili, moja ya kwake na moja ya kupelekwa ng'ambo ya uwanja. Kisha akaingia kwenye orodha na kukipa kila chombo jina la kueleweka. Simu ya Mzee aliiandika "Nyumba ile".

Jumamosi saa nne Kisa alikaa mezani. Atuganile aliichomoa televisheni, akakaa mlangoni. Swali la sita likafunguka. La kumi likafunguka. La arobaini likafunguka. Saa sita kasoro Kisa alituma kazi yake, na kompyuta ikamjibu kwamba imepokelewa.

Alipakua ndizi kwenye sahani, akavuka ua.

"Nilidhani unakula intaneti yangu," alimwambia Diana kabla hata ya kukaa. "Nisamehe."

Diana alipokea sahani, akaitazama. "Nilijua una jambo. Siku tatu sijala ndizi zako. Nikasema labda nimemsema mtu vibaya usingizini."

"Mbona unakaa pale uani?"

"Mtandao wa simu yangu unashika pale tu, jirani. Ndani haushiki." Akaanza kula. "Ila na mimi nina simu ya zamani, Jumanne naipeleka sokoni Ipinda kuiuza. Nasikia hufutwa kwanza. Unajua kufuta?"

Kisa akavuta kigoda. Walikaa na ile simu mpaka ndizi zikaisha na simu ikabaki tupu.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Kisa alifaulu, na cheti kikafika kanisani kabla mwezi haujaisha. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi mawingu yalikuwa mazito. Atuganile alivuka uwanja akiwa na mwavuli mkononi.

"Huyu mtu amesema mwalimu apewe mwavuli, mvua inakuja."

"Mwalimu Lucy ameshapita, Mama. Nimemwona."

"Lucy ana mwavuli wake," alisema Atuganile. "Anakusema wewe."