Injini Iliyofutika

Kila Jumamosi, akishateka maji na kufagia uwanja, Gathoni alikuwa na kazi moja aliyoipenda: kupangusa picha za ukoo zilizotundikwa sebuleni kwa nyanya yake, huko Gakindu. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakipitisha juu ya vioo mpaka babu na mashangazi wakang'aa kama watu waliotoka kuoga.

Jumamosi hiyo kulikuwa na picha nyingine mezani, isiyo na kioo wala fremu. Mwalimu Moffat alikuwa ameazima picha za enzi ya vita vya msituni, vile vya kupigania uhuru, kutoka kwa Mzee Pritesh, mwenye studio mjini Nyeri. Baba yake Mzee Pritesh ndiye aliyezipiga. Kila mwanafunzi wa chama cha historia alipewa picha moja akatambue ndege iliyomo, kisha zote zioneshwe siku ya wazazi.

"Hesabuni injini," mwalimu alikuwa amewafundisha. "Harvard, ile ndege ndogo, ina moja tu, puani. Lincoln, ile kubwa ya mabomu, ina nne, mbili kila bawa. Mkiona mbili kwa jumla, huenda ni ndege ya mizigo."

Cucu Waithira, nyanya yake Gathoni, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Kitendawili," akasema.

"Tega, Cucu."

"Ndege wangu hutaga akiwa angani, na yai lake likianguka halitoi kifaranga."

Gathoni akaitazama ile picha. "Ndege ya mabomu?"

"Umepata. Mimi niliiona nikiwa mdogo kuliko wewe. Ilipita chini chini juu ya mahindi yetu, pangaboi nne zikizunguka. Nilizihesabu kwa vidole. Kaka yangu Gathogo alikuwa msituni siku hiyo. Hakurudi nyumbani." Akainamia tena maharagwe yake.

Ndege iliyokuwa pichani ilionekana kwa ubavu. Mkia wake ulikuwa umemezwa na wingu, na bawa moja lilifichwa na tumbo. Kwenye bawa lililoonekana kulikuwa na injini moja safi kabisa. Karibu na ncha palikuwa na doa la ukungu, na chini ya doa hilo kitu cheusi cha mviringo. Gathoni alitaka kukiona vizuri. Kitambaa kilikuwa mkononi, bado kibichi. Akapangusa.

Doa lilitoka. Lakini lilitoka pamoja na kile kitu cheusi na ncha nzima ya bawa, vikabaki kwenye kitambaa kama masizi ya sufuria. Pichani pakabaki mahali peupe.

Alichungulia mlangoni, Cucu hakuwa ameona. Akachukua penseli, akachora bawa lililonyooka mpaka mwisho. Injini hakuichora, maana pangaboi zilimshinda, na aliogopa mchoro mbaya utamsaliti. Alipomaliza, penseli na picha vilifanana kabisa.

Jumatatu Mwalimu Moffat aliitazama picha kwa haraka. "Injini moja bawa hili, na nyingine ng'ambo. Kwa hiyo ni ndege gani?"

"Ya mizigo, mwalimu," akajibu Gathoni, macho yakiwa kwenye viatu.

"Vizuri sana."

Maneno hayo mawili yalimchoma kuliko fimbo. Wiki nzima hakula vizuri. Cucu alimpikia hata mukimo anaoupenda, viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, akauchokorachokora tu.

"Uko na homa?" Cucu akauliza, akimshika paji la uso.

"Hapana, Cucu. Nimeshiba."

Siku ya wazazi ilifika. Picha zilipangwa ukutani darasani, kila moja na maelezo yake. Mzee Pritesh alikuja na koti lake la kijivu, akaketi mbele kama mgeni wa heshima. Cucu Waithira naye alikuwa amealikwa awasimulie watoto habari za kaka yake Gathogo. Alivaa kitambaa kipya cha kichwani. Kabla ya kusimama kuzungumza, alipita akizitazama picha, akasita mbele ya ile ya Gathoni.

"Ilikuwa hii," akasema. "Mdomo ni huu huu. Lakini yetu ilikuwa na injini nne."

Ngugi, mvulana wa darasa la Gathoni, alikuwa hapo akiwaeleza wageni. "Ati nne? Cucu, si uhesabu? Moja hapa, moja ng'ambo. Hii ilikuwa inabeba magunia."

Wazazi wawili watatu wakacheka. Mwalimu Moffat akaongea kwa upole, na upole huo ukazidisha mambo. "Miaka mingi imepita, mama. Mtu husahau."

Cucu alivaa miwani yake, akasogea, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaivua.

"Labda nilihesabu vibaya," akasema polepole. "Nilikuwa mtoto. Mwalimu, tafuta mtu mwingine azungumze. Kama hilo nililikosea, sijui nimekosea mangapi mengine. Sitaki kudanganya watoto."

Akageuka kuelekea mlangoni. Gathoni alipita katikati ya wageni, akamshika Cucu mkono.

"Usiende, Cucu. Hukukosea." "Mwalimu, ni mimi. Niliipangusa kwa maji ikatoka. Hilo bawa nimelichora. Kulikuwa na injini nyingine, niliifuta."

Ngugi akaangalia dari. Mzee Pritesh akainuka, akaitoa picha ukutani, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Penseli," akasema. "Hii ni penseli kweli."

"Nisamehe, Mzee."

"Kama ungeniambia siku ile ile, mtoto, ningekuambia uache kulia. Filamu iliyotoa picha hii iko. Baba yangu hakutupa filamu hata moja. Ziko ndani ya mikebe ya biskuti. Nani angezitafuta, na hakuna aliyejua picha imeharibika?"

Mwalimu Moffat alimwomba Cucu radhi mbele ya watu wote. Juma lililofuata Mzee Pritesh alileta picha mpya, na hapo bawani zilikuwepo injini mbili, nyeusi, wazi kama macho ya bundi. Gathoni aliandika maelezo upya kwa mkono wake, na kila Jumamosi ya muhula huo alikwenda studio kufuta vumbi kwenye mikebe, kwa brashi kavu.

"Kuharibu picha ni ajali," Mzee Pritesh alimwambia siku ya kwanza. "Mimi nimeharibu nyingi. Lakini penseli uliishika kwa kupenda. Kosa ukilificha haliondoki, mtoto. Linatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Lako lilibebwa na nyanya yako, na hakuwa na hatia."

Gathoni akachukua mkebe mwingine, akaendelea kuupiga brashi.

Cucu Waithira alirudi shuleni Ijumaa iliyofuata, kutoa simulizi ambayo siku ya wazazi hakuitoa. Alisimama kando ya picha mpya, watoto wakasogea karibu, hata Ngugi.

"Kaka yangu aliitwa Gathogo," akaanza. "Alikuwa anapenda kupiga mluzi."