Nafasi ya Saa

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwenye chumba cha ushonaji cha babu yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake pale ilikuwa kuokota pini sakafuni na kumtungia Babu uzi, maana macho ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka. Wiki ile Babu alikuwa akimshonea gauni jeusi la mikono mirefu. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa amefariki, shule ilikuwa inaandaa kumbukumbu yake, na Chiriku ndiye aliyechaguliwa kusoma maneno ya wanafunzi mbele ya mjane.

“Babu, mbona mkono wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia?”

“Huo una mgeni wake,” alijibu Babu, akavua saa yake. Ilikuwa nyembamba, yenye uso mweupe na mkanda mweusi wa ngozi. “Kwenye shughuli ya heshima, saa hukaa chini ya nguo. Ukiitaka unaichungulia. Haipigi mbiu kwamba nayo imefika. Haya, kuanzia leo ni yako. Itie ufunguo kila asubuhi, la sivyo itasimama.”

Alikuwa ameivaa tangu ujana wake. Alama ya mkanda ilibaki kwenye mkono wake.

Kesho yake shuleni, rafiki yake aliyeitwa Mabangili, kwa kupenda kwake vitu vya kung’aa, alicheka hadi akashika mbavu.

“Hiyo ni saa au kifungo cha koti? Utasimama mbele za watu na hicho kikuukuu?” Akavua yake, ya rangi ya dhahabu, pana kama kifuniko cha birika. “Siku hiyo vaa hii. Utanirudishia.”

Chiriku, bingwa wa kujibu wakubwa kwa wadogo, siku hiyo alikosa hata neno moja la kuitetea zawadi ya babu yake. Akaipokea ile ya dhahabu, na nyumbani akaitupa ya Babu kwenye droo, hakuitia ufunguo tena.

Asubuhi ya kumbukumbu, Babu alipokuwa akimfunga vifungo, aliona mkono mtupu.

“Saa iko wapi, mjukuu wangu?”

“Imesimama, Babu. Imeharibika.”

Uso wa mzee ulinywea. “Basi nimekupa kitu kibovu. Nisamehe.”

Chiriku angeweza kusema kweli palepale. Hakusema. Alipofika nyuma ya ukuta wa shule aliivaa ile ya dhahabu. Mkono wa gauni ulikataa kuifunika, akaukunja juu.

Ukumbi ulijaa. Mjane aliketi mstari wa mbele, leso mkononi. Chiriku alisoma vizuri mpaka mwisho. Kisha mwalimu mkuu akawaomba watu wote wasimame kimya kumkumbuka marehemu. Katikati ya kimya hicho, saa ya Mabangili ikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kuchezea, na taa nyekundu na kijani zikawaka na kuzima. Chiriku akabonyeza huku, akabonyeza kule, nayo ikazidi. Wanafunzi wa nyuma wakaangua kicheko. Mjane hakugeuka. Alijifunika uso kwa leso.

Ndipo Chiriku akamwona Babu mlangoni. Alikuwa amekuja kwa miguu, na goti lake bovu, huku akihema. Mkononi alishika ile saa nyembamba, na tabasamu lilikuwa bado halijamtoka. Akautazama mkono wa mjukuu wake. Tabasamu likafifia, akarudisha saa mfukoni, akaondoka.

Shughuli ilipokwisha, Chiriku alipiga magoti mbele ya mjane.

“Shikamoo, mama. Nisamehe.”

“Marahaba. Mwalimu wako hakupenda kelele,” mjane alisema.

Mabangili alipokea saa yake bila hata kuona haya. “Lo! Nilisahau kukwambia ina kengele.”

Chiriku alimkuta Babu amekaa kwenye cherehani, hashoni.

“Babu, nilikudanganya. Saa haikuharibika. Niliionea aibu.”

“Najua. Niliifuata kwenye droo nikaitia ufunguo, ikaamka. Nikajisemea, kumbe ilikuwa na njaa tu, ngoja nimuwahi mjukuu wangu! Nilifurahi kama mjinga.”

“Nisamehe, Babu.”

“Nimekusamehe. Lakini sikia. Unapovaa kwenda kwenye shughuli, jiulize kwanza shughuli ni ya nani. Leo ilikuwa ya marehemu na mkewe, wewe ukaifanya ya mkono wako. Hilo ni la adabu, na adabu mtu hufundishwa. Lakini uliniacha mimi, mzee mzima, nikuombe msamaha kwa kosa ambalo sikulitenda. Hilo la uongo ndilo linaloniuma. Sasa nenda kabadilishe nguo, uniletee gauni.”

Akaufumua mkono wa kushoto, akaukunja na kuushona upya mpaka nafasi ya saa ikaisha. Chiriku alimtungia uzi huku machozi yakimdondoka. Saa ilikuwa imerudi mahali pake, juu ya alama ileile kwenye mkono wa mzee.

“Kitambaa sikukikata,” Babu alisema, akiukata uzi kwa meno. “Kimekunjwa ndani. Siku neno lako litakapoaminika tena, nitaufumua.”

Chiriku alilijaribu gauni. Mkono wa kushoto ulimkaza, na hakuthubutu kulalamika.