Mstari wa Penseli

Haya aliniambia Mosoti mwenyewe, na Mosoti si mtu wa maneno mengi. Mwaka wa 1971 alikuwa anachora ramani za reli, kwa sababu kulikuwa na mpango wa kuvuta njia mpya kutoka Kericho hadi Bomet. Jumanne moja, akiwa peke yake ofisini, alipitisha mstari wa penseli katikati ya shamba moja karibu na Mogogosiek, ili akwepe mlima. Hakumwonyesha mtu.

Ijumaa alitumwa huko kuuliza jina la kijito. Ukungu ulikuwa umefunika majani ya chai yote. Mwenye shamba, Mama Chelangat, alikuwa anarudisha ng'ombe nyumbani, na binti yake alisikika jikoni akiimba. Katikati ya malisho ng'ombe wakasimama wote. Pale hapakuwa na ua wala mtaro wa kuwazuia.

"Mbona hawaendi, mama?"

"Ngoja, watavuka. Wako hivyo tangu Jumanne. Wanatazama kitu. Juzi walitazama hadi kwenye ua wa nyumba, jana hadi stoo ya mahindi."

Mosoti akakunjua ramani. Mstari wake, ukitoka upande wa Kericho, ulipita pale waliposimama, ukapita ua, ukapita stoo, ukakata jikoni.

Kengele za ng'ombe zikanyamaza. Vichwa vikageuka pamoja, polepole, kutoka upande wa Kericho. Vikapita ua. Vikapita stoo. Vikatulia vikitazama mlango wa jikoni.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.