Konokono wa Mdachi

Nyumba ya Mbaraka seremala, pale Rumonge, ilianza kunuka chumvi. Ziwa lenyewe maji yake matamu, chumvi itoke wapi? Mkewe Kulthumu alinusa mitungi, akanusa mikeka, mwisho akafika kwenye daka la ukutani. Harufu ilitoka kwa konokono wa kale wa baharini, aliyegeuka jiwe.

Huyo alikuwa mali ya Mdachi wa boma la Usumbura. Alikuwa amepasuliwa katikati na kusuguliwa hata akang'aa, vijumba vyake vya ndani vyote vikaonekana, na Mdachi alitaka achongewe kigoda cha mvule ili akae mezani, pambo. Pambo! Watu wengine hawana kazi, jamani.

Ilikuwa Ijumaa. Kulthumu alikuwa akimfukiza udi mwanawe Zuwena, wa miezi saba, kama kila Ijumaa. Akaona, aa, moshi upotee bure kwa nini? Akakisogeza chetezo chini ya lile jiwe, harufu iishe.

Iliisha kweli. Lakini adhuhuri, Zuwena akiwa mgongoni kwake amelala fofofo, kilio cha Zuwena kikasikika dakani.

Mbaraka alitoka mbio kumwita Mwalimu Feruzi, mtoa majini. Mzee alisoma, akapuliza, akasoma tena, jasho likamtiririka. Kisha akanong'ona, "Mama Zuwena, moshi ulianza kwa nani?"

"Kwa mutoto, Mwalimu."

"Chetezo kimoja?"

"Kimoja."

"Basi umewafanya mapacha. Jini iko mule ndani, na sauti ya mutoto imeishika. Jiwe likitoka, sauti inatoka nalo. Mimi imenishinda. Lisitoke hapa."

"Askari wanakuja kulichukua kesho," Mbaraka alisema.



Wakaja. Mbaraka alipiga magoti, akasema kigoda hakijakauka, akasema atachonga kingine bure, akasema lolote lililomjia. Lakini mwenye nguvu mpishe, wakamchapa kiboko, wakalibeba jiwe lao. Kulthumu aliwafuata hadi ufukweni, Zuwena kifuani, na mtumbwi uliposukumwa akakisikia kilio kikitoka mle mtumbwini, akakijua, ni kile cha njaa, akajifunua pale pale mbele za watu akamtia mtoto titi mdomoni, na kilio kikazidi kwenda, kikawa chembamba, kikaishia upande wa Usumbura.

Akamtazama mwanawe. Zuwena alikuwa ameliachia titi, analia, mdomo wazi, machozi tele.

Hakuna kilichosikika.