Tarehe Iliyokuwa Chini

Umeme ulikatika ghafla, ukarudi, lakini intaneti haikurudi. Ukumbi wa kampuni ya bima ulijaa wateja hadi mlangoni, wote wakimkodolea macho karani wa dirisha la tatu kana kwamba yeye ndiye aliyeizima. Fundi wa kompyuta alipoingia, karani alimtazama viatu kwanza, kisha uso.

"Huyu ndiye fundi, au amekuja kufagia?"

"Nafagia pia, dada. Nianze na ulimi wako?"

Karani akacheka. Gauni lake la kijani lilimkaa vizuri, na fundi alisahau alikoweka bisibisi.

Fundi akamweleza kazi yake. Seva aliyokuja kuirekebisha ilikaa kati ya kompyuta za ofisi na intaneti, ikihifadhi nakala za kurasa ili watu wasisubiri. Ikizimika vibaya, huamka ikitoa nakala za zamani kama mpya.

"Ukiona ukurasa, uliza kwanza ni wa lini."

"Na mwanamume je?"

"Huyo muulize kila siku."

Miezi minane baadaye mama yake karani alikuwa akimwita fundi mkwe wangu. Ndipo umeme ukakatika tena. Fundi aliiwasha seva, na ili kuijaribu akafungua ukurasa wa mwisho uliopitia humo. Ukatokea mwaliko wa harusi. Bibi harusi, karani wake. Bwana harusi, mwalimu aliyekuwa mchumba wake, ambaye karani alisema walikwisha kuachana miaka miwili iliyopita. Tarehe iliyokuwa chini fundi hakuisoma. Alishuka ukumbini mbiombio.

"Jamani, mwoneni bibi harusi! Mimi ananiita mume wangu, kadi anachapisha na mwalimu!"

Wateja wakacheka.

"Mpenzi, twende ndani nikuoneshe," karani alinong'ona.

"Unioneshe nini? Hata mwalimu alikuchoka, akakuachia gauni la harusi kabatini. Mimi nani nikuokote?"

Habari ya gauni lile karani alikuwa amemwambia yeye peke yake, akilia. Sasa hakulia. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya watu, akatoka.

Fundi alirudi kwenye seva, akafuta nakala zote, kisha akaufungua tena mwaliko ule ili ajiumize vizuri. Bwana harusi alikuwa yeye: jina lake, la baba yake, la babu yake. Asubuhi ile karani alikuwa ameifungua mtandaoni kadi yake ya zamani, akaiandika upya.

Akampigia karani simu.

"Mpenzi wangu, nilisoma nakala ya zamani."

"Najua, fundi. Ulinifundisha mwenyewe kuuliza ni ya lini. Wewe hukuuliza."

"Nisamehe. Nitapiga magoti mbele ya wateja walewale."

"Usichafue suruali. Ufungue tena ukurasa."

Akaufungua. Penye jina lake palikuwa peupe. Akaizima seva, akaiwasha, akafuta kila kitu, akaufungua tena. Peupe.

"Labda hii nayo ni nakala ya..."

"Hapana, mpenzi," karani alisema kwa upole. "Hiyo ni ya sasa hivi."

Akakata simu.