Mume Wangu Aliwavua Samaki Tuliowaombea Ulinzi

Mimi ni mama wa miaka arobaini na miwili, nina watoto wanne, na jino langu moja la mbele lilivunjwa kwa kitako cha bunduki. Ninaishi Kasenyi, kando ya Ziwa George. Wengi hapa wamenisihi nisiandike haya. Eti ni aibu ya nyumba. Nyumba gani? Nyumba yenyewe ilibomoka, na si mimi niliyeibomoa!

Nilizaliwa Bwera nikaolewa huku na Baluku, mvuvi mwenye mtumbwi wake. Tulipendana, sitawadanganya. Yeye alivua, mimi nilibanika ngege, samaki wa ziwa letu, kwa moshi na kuwauza Kasese. Zamani ngege mmoja alishibisha nyumba nzima. Lakini wanajeshi walipokuwa wameshika serikali, tayari wanaume walikuwa wakirudi na samaki wadogo kama kiganja cha mtoto... Sababu ilijulikana. Watu walitupa nyavu za macho madogo ndani ya ghuba yenye mafunjo, pale pale ngege wanapozalia.

Sisi wabanikaji ndio tulioumia kwanza. Samaki mdogo ukimweka juu ya moshi anageuka mkaa. Tukaunda chama, nikachaguliwa mwenyekiti. Mchungaji wetu akatuambia kuna shirika la kanisa ng'ambo linalotoa misaada midogo kwa vikundi vya vijijini. Tukaandika.

Ombi la kwanza lilikataliwa. La pili likajibiwa kwa maswali matupu: nani atailinda ghuba? Wavuvi wamekubali? Mtumbwi wa doria utakuwa mali ya nani? Nilishinda juani nikipita kwa mvuvi mmoja mmoja, nikiwabembeleza wakubali ghuba ifungwe. Walinicheka. Walisema mwanamke huyu anadhani ziwa ni jiko lake. Aliyenitetea ni Baluku. Alisimama pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, akatangaza kwamba wa kwanza kuacha nyavu ndogo atakuwa yeye. Nililia kwa furaha siku ile...

Ombi la tatu likakubaliwa! Tukaletewa nyavu za macho makubwa za kubadilishana na zile mbovu, maboya ya kuzungushia ghuba, na mtumbwi wenye injini. Chama kizima kikamchagua Baluku awe nahodha wa doria. Nani angefaa kuliko yeye?

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha Baluku akaanza kupotea nyumbani. Mara anafuata vipuri Kasese, mara injini inatengenezwa Katunguru. Akapata rafiki, afande mmoja wa kambini mwenye lori. Nilipouliza, aliniambia afande anatusaidia kupata petroli, maana petroli ilikuwa adimu. Niliamini. Ni mume wangu, kwa nini nisiamini?

Ndipo mama yangu akaugua, nikaenda Bwera kumuuguza. Siku ya soko nikatembea hadi mpakani kumtafutia kitoweo. Nikamkuta mama mmoja wa Kongo amepanga ngege waliobanikwa, wengi wao majike, matumbo yamejaa mayai. Samaki kama hao hutoka kwenye mazalio tu. Nikamuuliza amewapata wapi.

“Inatoka Kasenyi, mama,” akasema bila wasiwasi. “Iko muzee moja, Baluku, ule wa mutumbwi ya misioni. Analetaka kila soko na lori ya basoda. Kama unataka mingi, bibi yake anakaa pale, ku nyumba ya mabati.”

Lori la askari! Na bibi yake! Na mimi je?

Sijui miguu ilinifikishaje pale. Alinifungulia binti mwenye mimba kubwa, akanikaribisha kiti kwa adabu. Koti la Baluku la Jumapili lilikuwa limetundikwa ukutani. Nilipomuuliza habari za mumewe, alinieleza kwa huruma kabisa kwamba ni mwanamume aliyefiwa na mke wa kwanza.

“Marehemu ni mimi,” nikamwambia.

Binti yule aliangua kilio. Sikuweza kumchukia. Alikuwa amedanganywa kama mimi.

Niliporudi Kasenyi, Baluku hakukana hata neno moja. Uke wenza ningeumeza, wengi tumeumeza. Lakini ghuba? Alitumia doria yetu kuwafukuza wavuvi wengine, kisha yeye mwenyewe akaingia na nyavu ndogo! Nilimwambia nitalieleza shirika na kijiji kizima.

“Utanishtaki kwa nani?” akaniuliza taratibu. “Afande ndiye serikali. Nyamaza, ulee watoto.”

Sikunyamaza. Niliwaita wanawake wa chama nikawaeleza yote, hata habari za nyumba ya mabati. Asubuhi iliyofuata mtumbwi ulipotia nanga umejaa samaki, tuliingia majini na magauni yetu, tukapanda, tukakaa. Afande akaja na askari wake.

“Toka humo! Haraka!”

Nilimjibu kwamba mtumbwi ni wa chama, na mimi ndiye mwenyekiti. Ndipo kitako cha bunduki kikanipata mdomoni... Walichukua mtumbwi na injini, wakavunja tanuri zetu za moshi. Baluku alikuwepo. Alitazama maji, kisha akapanda lori lao.

Mchungaji alikuja kunipa pole. Akanishauri niandikie ng'ambo kwamba dhoruba imeuzamisha mtumbwi. Tukisema tumeibiana wenyewe kwa wenyewe, alisema, hatutasaidiwa tena. Nilimjibu kwamba samaki hawakuibwa na dhoruba. Nikaandika ukweli wote, barua ikapita kwa mkono wa msafiri, kwani posta ilikuwa na masikio.

Shirika likasikitika, na likasitisha msaada. Lo, nilivyochukiwa! Baadhi ya wenzangu waliacha kunisalimu kanisani. Mimi na wachache waliobaki nami tuliilinda ghuba kwa mitumbwi ya kasia, tukigonga madebe matupu kila mwizi alipoingia.

Serikali ile ilipoanguka, afande alikimbia. Baluku akarudi amekonda, akaomba msamaha, akaomba na unahodha. Nilimruhusu kuwaona watoto wake. Chumba changu na doria ya chama, hapana!

Tuliomba msaada tena, kwa shirika lingine. Waliuliza kama tumewahi kusaidiwa na ilikuwaje. Nikaandika yote, hata jina la mume wangu. Wenzangu walishika vichwa. Tukapewa nyavu, na mtumbwi mmoja ambao manahodha wake ni wanawake wawili tuliowafundisha wenyewe.

Wasomaji wenzangu, mnaoomba misaada kwa ajili ya vijiji vyenu, msikabidhi mali ya wengi kwa mtu kwa sababu tu mnalala naye kitanda kimoja. Mkiibiwa, msimfunike mwizi kwa kuogopa aibu. Nimepoteza mume na marafiki kwa kusema ukweli, na ningeusema tena kesho.

Baluku anavua siku hizi kwa nyavu kubwa kama wengine. Juzi alisogea karibu mno na maboya. Nilisimama ndani ya mtumbwi wetu, nikamwita kwa jina mbele ya wavuvi wote, nikamwambia arudi nyuma.

Akarudi.